UZI: Prosesa ya 4790K kwenye 4.7 GHz inapita jaribio usiku kucha, kisha inaanguka saa 2 usiku. Ni volteji, joto au umeme wa Malindi?

#1 Barani_Vidio, Malindi

Salaam wakuu. Naomba msaada, nimefika ukingoni.

Kazi yangu ni kuhariri vidio za harusi. Hivi sasa nina harusi nne hazijatoka na kila mama wa bi harusi ana namba yangu ya simu. Mashine ni i7-4790K, mazabodi ya Z97, RAM DDR3 GB 16 (vipande vinne vya GB 4, viwili vya kampuni moja na viwili vya nyingine), hitisinki ya mnara yenye feni moja ya milimita 120, na pawasaplai ya wati 550 niliyoikuta ndani nilipoinunua mtumba. Nyuma yake kuna UPS ndogo.

Bila kugusa kitu inapanda mpaka 4.4 GHz na haijawahi kunisumbua. Nikaiovakloki (kuipandisha kasi kupita ya kiwandani) 4.7 kwa volti 1.275, nikaiachia OCCT, programu ya kuijaribu kwa mzigo mzito, kutoka saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Masaa manane, kosa hata moja hakuna. Nikasema alhamdulillahi. Kesho yake saa 2 usiku, renda (kutoa vidio iliyokamilika) imefika asilimia sitini na kitu, skrini ya bluu ya kosa la Windows: 0x124. Nikaongeza 1.290. Siku mbili salama, ya tatu ikajizima na kujiwasha yenyewe, bluu hakuna, kwenye kumbukumbu za Windows kuna Kernel-Power 41 peke yake, yaani mashine imezimika ghafla. Nikapanda 1.310. Jana imeganda hata sirendi. Nimefungua folda nachagua picha, kipanya kikasimama pale pale.

Niendelee kupandisha volteji au tatizo liko kwingine?

#2 KusiNaKaskazi, Watamu

Joto, kaka. Tuko katikati ya Kaskazi. Jaribio umelifanya usiku wa manane, dirisha wazi, upepo wa bahari unaingia. Saa 2 usiku kuta bado zinatema joto la mchana kutwa. Hewa inayoingia kwenye kasha ikipanda digrii sita, prosesa nayo inapanda karibu digrii sita hizo hizo. Hitisinki haifanyi miujiza, inashusha kuelekea joto la chumba na haipiti hapo.

Sasa fanya hesabu. Joto la prosesa linakwenda na mraba wa volteji ukizidisha na kasi. 4790K yangu kwenye 4.4 inatumia 1.18. Kutoka 1.18 kwenda 1.31, na kutoka 4.4 kwenda 4.7, ni karibu asilimia 32 ya moto zaidi. Kasi uliyopata ni asilimia 7. Kila ukiongeza volteji kutibu kuanguka unaongeza moto, na transista ikipata moto inataka volteji zaidi ili ifanye kazi kwa kasi ile ile. Unajizungusha.

Leta digrii.

#3 FundiWaMkomani, Lamu

Yambo ndugu. Mimi nasema volteji inazama. Jahazi tupu na jahazi lililopakiwa mikoko haviketi sawa majini. Prosesa ikianza kubeba mzigo, volteji uliyoiandika kwenye BIOS inashuka kidogo, na pale ndipo inapoanguka. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi), tafuta LLC, mpangilio unaozuia volteji kuzama chini ya mzigo, weka ngazi ya juu kabisa. Nimefanya hivyo kwenye mashine tatu hapa Amu na zote zinakwenda.

#4 Ngomeni_Boy, Ngomeni

Asilimia 7 ya renda ya saa moja ni kama dakika nne. Kaka, umekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya dakika nne?

#5 Barani_Vidio, Malindi

#4 Harusi moja ya hapa ni siku tatu, kamera tatu. Renda si ya saa moja. Na wateja wakitaka mabadiliko narenda tena upya. Dakika nne nne hizo zikijumlishwa nalala.

#2 Mchana 88 hadi 91. Usiku wa jaribio ilifika 94, ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa ya moto zaidi usiku na haikuanguka.

#6 MzeePentium, Malindi

FundiWaMkomani, mwanangu, ulilosema ni kweli kwa prosesa nyingine, siyo hii. Haswell, yaani kizazi kilichotoka 2013 pamoja na huyu 4790K aliyefuata 2014, ina kirekebishi cha volteji ndani ya prosesa yenyewe. Mazabodi haiipi Vcore, yaani volteji ya viini vya prosesa. Inaipa volteji moja ya kuingilia, karibu 1.8, inaitwa VCCIN, halafu prosesa inajigawia humo ndani. LLC kwenye Z97 inashika hiyo VCCIN. Ukiipandisha ngazi ya juu kabisa hujainua Vcore hata chembe, umeibana tu ile ya kuingilia.

Kwa hiyo Barani, angalia VCCIN ni ngapi wakati wa mzigo. Wengi huiweka 1.85 mpaka 1.9 wanapopita 4.6, ili ibaki juu ya Vcore kwa nafasi ya kutosha. Ikikaribiana sana na Vcore, kirekebishi cha ndani kinakosa pumzi.

Na vijana, msione ovakloki ni jambo jipya. Mwaka 1998 tulikuwa na Celeron 300A. Kizidisho chake kilikuwa kimefungwa kwenye 4.5, kwa hiyo unabadilisha kasi ya njia ya mfumo (bus), inayozidishwa na hicho kizidisho, kutoka 66 kwenda 100 na 300 MHz inakuwa 450. Hakuna kupandisha kidogo kidogo, ni kuruka. Aidha inawaka au haiwaki.

#7 FundiWaMkomani, Lamu

#6 Nimekubali mzee wangu, shukran. Mashine zangu tatu zote ni za prosesa ya 2600K, ya kabla ya Haswell, ndiyo maana. Kwenye hizo Vcore inatoka mazabodi moja kwa moja.

#8 Volti240, Malindi

Mimi ni fundi umeme. Kompyuta sizijui sana, soketi nazijua.

Tazameni saa. Inaanguka saa 2 usiku. Kuanzia saa 1 mpaka saa 4 watu wamerudi nyumbani: friza, pasi, feni, pampu za maji, AC za nyumba za wageni, zote juu ya transfoma moja. Umeme wetu kwa jina ni volti 240. Nimepima nyumba moja Kisumu Ndogo mchana 238, usiku 196. Soketi ile ile, multimita ile ile. Na mkiwa na laini ya fezi tatu ambayo nyutro imelegea kule kwenye nguzo, haishuki tu. Nyumba moja inashuka, ya jirani inapanda.

Jaribio lake lilianza saa 5 usiku. Saa hizo watu wamelala, laini imepumua.

#9 MzeePentium, Malindi

#8 Hoja nzuri, lakini pawasaplai za kisasa zinakubali volti 100 mpaka 240. Ukiipa 196 inavuta ampea zaidi ukutani na upande wa pili inatoa 12 ile ile. Kanuni ya ATX, kiwango cha pawasaplai za kompyuta, inairuhusu laini ya volti 12 icheze asilimia 5 tu, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Prosesa haijui habari za transfoma yenu.

Barani, soma kibandiko cha pawasaplai.

#10 Barani_Vidio, Malindi

Nimelala chini ya meza na tochi ya simu. Kibandiko kinasema hivi: KUINGIA 200-240V, Hz 50.

#11 Volti240, Malindi

Mia mbili.

#12 MzeePentium, Malindi

Basi nairudisha kauli yangu kwa sehemu. Hiyo ni ya zamani, pengine haina ile saketi ya kusahihisha pawa. Mtengenezaji mwenyewe amesema chini ya 200 hakuhakikishii kitu.

#13 Dada_Mambrui, Mambrui

Nasoma uhandisi wa umeme, naomba niongeze kwa #12. Kwenye pawasaplai isiyo na usahihishaji wa pawa, kapasita kubwa ya mbele inachajiwa kufuata kilele cha umeme wa ukutani. Nishati iliyomo inakwenda na mraba wa volti. Ukitoka 240 ukaja 196 umebakiwa na theluthi mbili. Hiyo nishati ndiyo inayoibeba mashine umeme unapoyumba kidogo. ATX inataka ishikilie milisekunde 16 au 17, na wimbi moja zima la Hz 50 ni milisekunde 20. UPS za bei ya chini huchukua milisekunde kadhaa kuhama kutoka ukutani kwenda betri, mara nyingi 4 mpaka 10. Kwenye karatasi zinatosha. Theluthi moja ikiondoka, kapasita yenyewe ina miaka kumi, na prosesa inakula theluthi zaidi kama alivyopiga hesabu #2, sina hakika zinatosha.

Kaka Barani, UPS yako hulia "tak" kabla mashine haijazima?

#14 Barani_Vidio, Malindi

Hulia mara nyingi jioni. Tak, halafu taa yake inageuka, halafu tak inarudi. Nimezoea, sikuwa nahesabu. Siku ile ya Kernel-Power 41 ndiyo, nakumbuka ililia. Siku ya 0x124 sina kumbukumbu. Juzi ilipoganda nina hakika haikulia, maana chumba kilikuwa kimya na nilikuwa nimekodolea skrini.

#15 KusiNaKaskazi, Watamu

Kwa hiyo tuna kuanguka kwa aina tatu na mnataka yote yawe ya transfoma? Kujizima bila bluu nakubali ni pawa. Lakini 0x124 ni prosesa yenyewe inalalamika. Ni kosa la maunzi ambalo imeshindwa kulirekebisha, na kwenye ovakloki mara nyingi ni Vcore kuwa ndogo kwa kasi na joto lililopo.

#16 Mama_Rekodi, Malindi

Salaam. Ile ya kuganda bila mzigo naijua, imenila miezi miwili.

Nina studio ndogo ya kurekodi taarabu na kaswida. Mashine yangu ni ndugu wa hiyo, 4770K, sikuiovakloki kabisa. Ikawa inaganda mtu akiwa amenyamaza, kati ya beti na beti, haigandi wakati wa kazi nzito. Nilibadilisha RAM, nikabadilisha diski, nikasafisha Windows upya. Mwisho nikagundua Haswell ikipumzika inaingia usingizi mzito, wanauita C6 na C7, na humo inavuta pawa kidogo mno kwenye laini ya volti 12, hata sehemu ya ishirini ya ampea. Pawasaplai nyingi za kabla ya 2013 hazikuundwa kwa mzigo mdogo kiasi hicho. Nyingine laini inayumba, nyingine zinajilinda kwa kuzima. Niliingia BIOS nikafunga C6 na C7, basi. Na milio ya "pap pap" kwenye sauti ikapungua pia, ambayo sikuitarajia.

Barani, pawasaplai yako ya zamani na kuganda ukiwa umepumzika, naona ni yale yale yangu.

#17 Barani_Vidio, Malindi

#16 Shukran mama. Nitafunga leo.

#18 Ngomeni_Boy, Ngomeni

Mama, ile kaswida ya Maulidi iliyopigwa kila mahali mwaka jana ni ya studio yako?

#19 Mama_Rekodi, Malindi

Ni yetu. Na katikati mashine iliganda mara mbili, tukarudia beti nzima na watoto wamechoka. Tuendelee na mada.

#20 FundiWaMkomani, Lamu

Nami nirudi na jambo jingine, LLC nimeiacha. Fungua kasha. Chomoa plagi ya pini nane inayoingia juu ya mazabodi, karibu na prosesa. Itazame kwenye mwanga wa jua, si taa. Sisi watu wa pwani chumvi inatumaliza. Hapa Amu nimeona mashine iliyokaa mwaka mmoja mbele ya bahari, skrubu zimeota kutu kama nanga.

Ovakloki kama hii inaweza kuvuta wati 150. Gawa kwa 12, ni ampea 12 na nusu. Nyaya za manjano ni nne, kila moja inabeba tatu na kidogo. Pini mbili zikishikana vibaya, zilizobaki zinabeba mara mbili.

#21 Kimya_Kimya, Malindi

Hizo prosesa za Intel ndizo zilivyo. Mwaka 2024 si walikubali wenyewe kwamba zinaharibika kwa volteji?

#22 MzeePentium, Malindi

#21 Hiyo ni kizazi cha 13 na cha 14. Msimbo wao wa ndani ulikuwa unaomba volteji kubwa kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya BIOS Agosti 2024 na wakaongeza miaka miwili ya dhamana. Hii ni kizazi cha 4, haihusiki.

Ila kuna fundisho la karibu na hilo. Hii ni mtumba. Hatujui aliyekuwa nayo kabla aliipeleka wapi. Prosesa iliyokaa miaka kwenye volteji kubwa na moto mwingi inachoka. Kasi iliyokuwa inashikwa na 1.25 inataka 1.30. Yawezekana 4.7 ilikuwa halali yake zamani, sasa si halali tena.

#23 KusiNaKaskazi, Watamu

#22 Mzee, kwa heshima, ingekuwa imechoka hata 4.4 ingeyumba.

#24 MzeePentium, Malindi

Si lazima. Kiwanda huacha nafasi juu ya 4.4. Kuchoka kunakula nafasi hiyo kwanza.

#25 Barani_Vidio, Malindi

Nimefungua. Naandika na mikono ina vumbi.

Plagi ilikuwa ngumu kutoka, nikaitingisha polepole. Upande wa manjano, matundu mawili ya plastiki yamegeuka rangi ya chai. Nikaingiza sindano, pini ya ndani ina weusi unaokwangukika. Pale kwenye mazabodi, pini zinazolingana na hayo matundu zina kijani, ile ya sarafu ya shaba iliyookotwa mchangani. Nyingine zote zinang'aa. Nyumba yangu na bahari si mbali, usiku mawimbi nayasikia.

Fundi, umelenga.

#26 FundiWaMkomani, Lamu

Usikwangue kwa kisu! Spiriti na mswaki laini, acha ikauke kabisa, chomeka na kuchomoa mara kumi ili chuma kijisugue chenyewe. Iliyogeuka rangi ya chai ilipata moto. Hiyo plagi haina maisha marefu, tafuta pawasaplai nyingine.

#27 Dada_Mambrui, Mambrui

Nakubali ibadilishwe kwa usalama, moto si mchezo. Lakini kama maelezo ya 0x124, nina shaka. Tuseme mguso mbaya unapoteza hata volti 0.2. Mazabodi inapokea 11.8 badala ya 12. Kazi ya VRM, kirekebishi cha volteji cha mazabodi, ni kuchukua 12 au 11.8 na kutoa 1.8, na tofauti hiyo haioni. Baada ya hapo kuna kirekebishi cha pili ndani ya prosesa. Kwa hiyo kutoka plagi mpaka Vcore kuna milango miwili. Mguso mbaya utazima mashine ukikatika kabisa hata kwa nukta, ila kosa dogo la hesabu ndani ya kiini halitoki huko.

Swali langu ni jingine. Volteji umeiweka kwa mtindo gani kwenye BIOS: ya kudumu, ya ofseti (nyongeza juu ya ile ya kiwandani), au adaptivu (inayopanda na kushuka na mzigo)?

#28 Barani_Vidio, Malindi

Adaptivu. Niliona inashusha volteji nikipumzika nikaipenda.

#29 Dada_Mambrui, Mambrui

Basi tumefika. Kwenye Haswell, adaptivu ikikutana na mzigo mzito wa maagizo ya AVX (hesabu nyingi kwa mpigo), prosesa inajiongezea volteji juu ya uliyoandika. Inaweza kufika 0.1 zaidi. Programu za majaribio kama OCCT na Prime95 zina AVX nzito isiyopumua. Maana yake jaribio lako halikupita kwa 1.275. Lilipita kwa volteji ambayo hukuiandika, na ndiyo sababu usiku wa baridi ulisoma 94 wakati renda ya mchana inasoma 88. Renda inachanganya: mara AVX, mara kusoma diski, mara kusubiri. Volteji inapanda na kushuka pamoja nayo, na inapokuwa chini ndipo unabaki na 1.275 tupu, ambayo pengine haijawahi kutosha kwa 4.7.

Washa HWiNFO, programu ya kusoma volteji na joto, rudia jaribio dakika kumi, usome Vcore ya juu kabisa.

#30 Barani_Vidio, Malindi

Nimerudisha 1.275, nikaendesha dakika kumi. HWiNFO: 1.344.

#31 KusiNaKaskazi, Watamu

Dada, hongera. Hilo la 94 lilikuwa linanikera tangu #5 na sikuweza kulijibu.

#32 Ngomeni_Boy, Ngomeni

Mambrui mnatoa wahandisi na sisi Ngomeni tuna kituo kilichokuwa kikirusha satelaiti hamtutaji. Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za Uhuru, waliirusha satelaiti ya kwanza ya kupima eksirei za angani kutoka kwenye jukwaa la San Marco hapa kwetu, na wakaiita Uhuru.

#33 Volti240, Malindi

Na ilirushwa bila kutegemea transfoma yetu ya saa 2 usiku.

#34 Mama_Rekodi, Malindi

RAM hamjaigusa. Vipande vinne, kampuni mbili. XMP, mpangilio wa kuipandisha RAM kasi, imewashwa?

#35 Barani_Vidio, Malindi

Imewashwa, 2133. Viwili vimeandikwa volti 1.65, viwili 1.5. Na ringi ya kache (njia ya ndani inayounganisha viini) niliipandisha 4.5 pamoja na viini. Nilisoma mahali kwamba ziende karibu karibu.

#36 MzeePentium, Malindi

Mwanangu. Intel wenyewe wameiandikia prosesa hiyo DDR3-1600 kwa volti 1.5. Umebeba vipande vinne visivyofanana kwa 2133, ringi juu ya kiwango, viini juu ya kiwango, halafu unatafuta mwenye kosa. Rudisha RAM 1600. Rudisha ringi 4.0, faida yake kwenye renda ni ndogo mno na inaleta 0x124 sawa sawa na viini. Endesha Memtest86, programu ya kupima RAM, usiku mmoja. Kisha gusa kitu kimoja, subiri, andika kwenye daftari, gusa kingine.

#37 Kimya_Kimya, Malindi

Mimi nina prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600, nipandishe kwa mkono?

#38 Dada_Mambrui, Mambrui

#37 Hapana. Hiyo inajipandisha yenyewe mpaka 4.2 kwa kiini kimoja kimoja. Ukiifunga 4.1 viini vyote utapoteza pale unapohitaji kiini kimoja chenye kasi. Nunua feni nzuri badala yake. Fungua uzi wako tusaidiane huko.

#39 Barani_Vidio, Malindi

Marejesho baada ya siku tisa. Nimefanya hivi: RAM 1600, ringi 4.0, C6 na C7 nimefunga, volteji ya kudumu 1.265 kwa 4.6, plagi nimeisafisha kwa spiriti. Renda sita, harusi mbili zimetoka. Haijaanguka.

#40 MzeePentium, Malindi

Alhamdulillahi kwa harusi. Lakini umebadili vitu vitano kwa mpigo. Sasa hujui ni kipi.

#41 Mama_Rekodi, Malindi

Mzee, ana wateja. Daftari litakuja baadaye.

#42 KusiNaKaskazi, Watamu

Na siku hizi tisa mvua imenyesha mara mbili na upepo umepoa. Nasema tu.

#43 Dada_Mambrui, Mambrui

Njia ya kutenganisha joto na umeme ipo. Iendeshe kwa muda ule ule saa 8 mchana, chumba kikiwa cha moto na laini haijalemewa, kisha saa 2 usiku. Mipangilio ile ile ya zamani, 4.7 adaptivu, RAM tu ibaki 1600. Ikianguka mchana ni joto. Ikianguka usiku peke yake, Volti240 ameshinda.

#44 Barani_Vidio, Malindi

Nimefanya, Jumamosi sikuwa na kazi. Renda ya harusi ile ile, mara mbili.

Saa 8 mchana: masaa mawili na robo, digrii 93, imemaliza. Saa 2 usiku: digrii 86, dakika ya 50, tak, giza, ikajiwasha. Kernel-Power 41.

#45 Volti240, Malindi

Sisemi kitu.

#46 KusiNaKaskazi, Watamu

Umeme umeizima, nakubali. Ila 0x124 haikutokea mara zote mbili, kwa hiyo hatujajua ilitoka wapi. Inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa RAM, na joto bado liko mezani.

#47 FundiWaMkomani, Lamu

Au plagi, maana safari hii ilikuwa imesafishwa. Sisi huku Amu kabla ya kuunganishwa na gridi tulikuwa na jenereta za dizeli, zikibadilishwa usiku taa zinakonyeza muyi mzima. Mashine zetu za wakati ule zilikuwa za kawaida tu, hazikuovaklokiwa, na zilikuwa zikijizima vile vile.

#48 Barani_Vidio, Malindi

Jana nimerudisha kila kitu cha kiwandani, 4.4, hakuna ovakloki hata kidogo. Saa 2 na dakika kumi, nikiwa narenda, tak. Ikajizima. Haijawahi kunifanyia hivi kwenye 4.4.

#49 Dada_Mambrui, Mambrui

Betri ya UPS ina umri gani?

#50 Barani_Vidio, Malindi

Nilinunua UPS nayo mtumba, pamoja na mashine.

#51 MzeePentium, Malindi

Chomeka mashine ukutani moja kwa moja leo usiku, UPS ikae pembeni. Hifadhi kazi kila dakika tano.

#52 Volti240, Malindi

Mzee, subiri kidogo, asichomeke ukutani kabla sijapima. Kama nyutro imelegea pawasaplai ile inaweza kulipuka. Barani, kesho baada ya Alasiri nitapita na multimita. Nitapima soketi, eathi, na nguzo nitaitazama kwa chini.

#53 Barani_Vidio, Malindi

Karibu sana ndugu, chai ipo. Lakini usije Alasiri, utakuta 238. Njoo saa 2 usiku.